Mama Flashi na Majani Mawili ya Mwalimu

Saa tisa kamili alasiri, swichi ndogo iliyochomekwa ukutani inalia "kta," taa inawaka juu ya tangi la samaki, na Mama Flashi tayari amelala kifudifudi kwenye sakafu ya sebule isiyo yake. Shavu la kulia limegusa saruji, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, na jicho moja limefumbwa kama la mtu anayelenga shabaha. Tangi lenyewe, lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, limewekwa juu ya kibao kilichoinuka shibiri mbili tu kutoka chini.

Nyuma yake amesimama mwenye nyumba, mwalimu mstaafu mwenye miaka sabini na mmoja, amevaa kandambili na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Amebana pumzi tangu fundi alale chini.

"Mwalimu, umeniwekea kivuli," anasema Mama Flashi bila kugeuka.

Mwalimu anarudi nyuma hatua mbili. Hazijapita dakika mbili anauliza, "Unaona kitu?"

"Bado. Na ukiniuliza kila mara, nitaanza kuona hata visivyokuwepo."

Anachokitafuta huenda ni kidogo kuliko punje ya mchele. Ndani ya tangi, juu ya kipande cha gogo, umefungwa kwa uzi mmea wa majani mapana na mazito kama ngozi ya mkoba. Ni wa aina inayokua polepole mno, hata mwenyewe aliyeuotesha, marehemu mke wa mwalimu, akaupa jina la Mvivu. Mama huyo alipofariki miaka miwili iliyopita, Mvivu alikuwa na majani kumi na moja. Sasa anayo mawili, na fundi anatafuta dalili ya la tatu.

"Haya mawili yakienda, tangi naligawa," mwalimu anamwambia mwandishi wa makala haya kwa sauti ya chini, kama vile hataki mmea usikie. "Samaki watapata mtu. Mimi sitaweza kukaa hapa natazama mawe."

Mama Flashi ana miaka hamsini na minne, na kazi yake, ukimwomba aieleze kwa kifupi, ni kuichagulia mimea taa. Huingia kwenye nyumba za watu, hutazama matangi yao ya samaki, huuliza maswali mengi kuliko nesi wa zamu, kisha husema mimea iliyomo inahitaji taa gani, iinuliwe kiasi gani na iwake kwa saa ngapi. Ana wateja kumi na tisa wa kudumu. Huwatembelea kwa miguu, mkononi ndoo moja, begani mkoba wa ngozi ambao zamani ulibeba kamera.

Jina lenyewe ni la enzi hizo za kamera. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa na studio ya picha katika chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachotazamana na ofisi za serikali, na riziki yake ilikuwa picha za pasipoti na za vitambulisho. Watoto walioletwa pale waliuogopa ule mwanga wa ghafla. Wakimwona njiani walijificha nyuma ya mama zao wakisema, "Mama Flashi huyo!" Jina likamganda, na hata benki siku hizi wanamwita hivyo.

"Siku nzuri nilikuwa napiga watu arobaini," anakumbuka. "Halafu simu zikaja. Wakawa ishirini, wakawa kumi. Mwaka wa mwisho kuna siku nilipiga watu watatu, na mmoja wao alikuwa mume wangu, alinihurumia tu."

Mumewe, seremala ambaye karakana yake iko uani, hakanushi. "Mwaka ule nilipiga picha nne za pasipoti," anasema huku akiukagua kwa jicho moja ubao aliopiga randa kuona kama umenyooka. "Na safari sina mpaka leo."

Tangi la kwanza aliliweka palepale studio, ili watoto walie kidogo na watazame zaidi. Wateja wa picha walipopungua, watu hawakuacha kuingia. Waliingia kuangalia samaki, kisha wakaanza kuuliza kwa nini majani ya matangi yao nyumbani yanageuka manjano, yanatoboka, au yanarefuka membamba kama yanachungulia nje ya maji. Mama Flashi aliyatazama majani hayo akaona jambo analolifahamu. Yalikuwa yanatafuta mwanga.

"Nikajisemea, hii ndiyo kazi yangu," anasema. "Mwanga nimeujua kabla sijamjua mume wangu."

Basi akaingia kwa kujiamini, na kujiamini kukamponza. Mteja wake wa kwanza alikuwa mwenye saluni ya nywele. Mama Flashi alimfungia taa mbili za studio, nyeupe, kali, zilizozing'arisha rangi za samaki mpaka wapita njia wakasimama dirishani. Wiki ya tatu simu ikalia.

"Dada, samaki wangu wameenda wapi?" aliuliza mwenye saluni.

Samaki walikuwepo. Ila maji yalikuwa yamegeuka kijani kiasi kwamba hata wao kwa wao walikuwa wanagongana. Akina mama waliokaa chini ya vikaushio vya nywele walikuwa wameanza kuuliza kama ile ni supu, na ni ya nani.

"Nilikuwa nampiga picha samaki, mmea nimeusahau," anasema Mama Flashi, naye anacheka mpaka anashika ukuta. "Mwanga unaopendeza machoni kwako siyo lazima uwe ndio unaolisha mmea. Na ukizidisha, anayeshiba ni mwani, ule utando wa kijani unaoteleza kwenye vioo. Mmea wako unabaki umefunikwa blanketi." Alilisafisha tangi lile Jumapili nne mfululizo bila kudai chochote, na mwenye saluni ni mteja wake hadi leo.

Tangu siku hiyo hataji taa kabla hajaujua mmea. Kangaga za majini, na mimea ya majani mazito kama Mvivu, hutosheka na mwanga hafifu. Mimea myekundu na ile ya majani membamba kama nywele inataka mwanga mwingi, na ukiipa huo inadai mbolea na kupogolewa kila wiki. Kuna mteja, nesi, aliyetaka tangi lote liwe jekundu. Mama Flashi alimwuliza analala saa ngapi kwa siku. Aliposikia jibu, alimpandia kangaga.

Baada ya mmea huja kina cha maji, maana mwanga nao huchoka njiani. Hapo ndipo anapotoa kifaa ambacho wateja wapya humcheka nacho. Ni kipima mwanga cha kizamani cha wapiga picha, cheusi, kinachotosha kiganjani, chenye mshale unaocheza na kisichotumia betri. Hukitia ndani ya chupa ya jemu pamoja na kokoto kadhaa za kuongeza uzito, akakaza kifuniko, akaizamisha polepole. Juu ya maji mshale husimama mahali fulani. Chini kabisa, penye mizizi, huweza kushuka hata nusu. Kipimo hicho ndicho humwambia kama taa inafika inakotakiwa au inaishia kuangaza migongo ya samaki.

Mwisho hutazama chumba. Hukaa tu kitini, wakati mwingine nusu saa, akiangalia jua linaingia wapi. "Dirisha nalo ni taa," anasema, "tena halina swichi."

Dukani kwa muuza taa anafahamika. Mwanzoni muuzaji alikuwa akimtolea boksi kubwa kuliko yote na kumsifia, "Chukua hii, mama, wati thelathini, inamulika mpaka kwa jirani."

"Jirani hana samaki, baba," alimjibu. "Na wati ni chakula cha taa, siyo cha mmea. Nisomee hapo ubavuni inatoa mwanga kiasi gani, halafu nitafutie iliyoandikwa elfu sita na mia tano, ile inayokaribiana na mwanga wa mchana." Siku hizi muuzaji humwekea kando maboksi yenye namba hiyo, na wateja wengine wakiuliza ni ya nani, husema ni ya daktari.

Malipo yake si ya kujengea ghorofa. Kulihudumia tangi moja kwa mwezi humwingizia sawa na picha nane za pasipoti za enzi zile. Ukizidisha kwa kumi na tisa, anasema, anapata chakula, umeme na heshima, na kidogo cha kuweka kando.

Tangi la mwalimu ndilo lililomnyima usingizi.

Aliitwa hapo miezi mitatu iliyopita. Mvivu alikuwa amebakiwa na majani manne, yote yameota manyoya meusi ya mwani pembeni na utelezi wa kijani katikati. Juu ya tangi kulikuwa na taa kubwa ya buluu, zawadi ya mkwe wa mwalimu. Mkwe ana moyo mzuri, ila taa aliyonunua ilitengenezwa kwa ajili ya matangi ya viumbe wa baharini, na kwa mmea kama Mvivu ilikuwa kama kumwanika mtoto mchanga juani.

Mwalimu naye alikuwa ameongeza lake. Alipoona majani yanadhoofika, aliiwasha taa mapema zaidi na kuchelewa kuizima.

"Mgonjwa haulizwi uji," anajitetea. "Nikaona nimwongezee."

"Ulimwongezea mpaka akavimbiwa," anasema Mama Flashi.

Alifanya kila kitu kama inavyopasa. Aliiondoa taa ya buluu, akaweka ndogo na pole. Mumewe alichonga miguu minne ya mbao ya kuiinua taa juu ya maji. Fundi aliyafuta majani kwa ncha ya kidole, moja baada ya jingine, akapima juu, akapima chini, akaridhika. Kisha akachomeka ukutani swichi yenye saa ndani yake, akaitega iwashe taa saa tatu asubuhi na kuizima saa kumi jioni. Saa saba, si zaidi. Aliondoka akipiga mluzi.

Wiki tatu baadaye alirudi akakuta utelezi umerudi na jani moja limedondoka. Aliinua taa zaidi. Akashona pazia zito la dirishani, maana huenda jua lilikuwa linaingia kwa wizi. Baada ya wiki mbili nyingine, jani jingine likaenda. Yakabaki mawili, na yale mawili yaliyodondoka yaliondokea mikononi mwake yeye, si mikononi mwa mkwe wala mwalimu. Hilo lilimuuma, na anasema wazi kwamba aliona aibu.

"Nikaanza kuona kipima mwanga changu kinanidanganya," anasema.

"Kilikuwa kimezeeka," mumewe anachangia kutoka uani. "Nikamwambia hata mimi nimezeeka, lakini mara mojamoja nasema kweli."

Ilikuwa wiki ya sita tangu aanze, amepiga magoti anapangusa maji aliyomwaga yeye mwenyewe, ndipo macho yake yalipokutana na ukuta. Soketi ilikuwa na matundu ya plagi mbili. Upande wa kushoto swichi ya saa ilikuwa mahali pake, inazunguka, inahesabu, inajiwasha na kujizima kwa uaminifu wote, na hakuna kitu kilichochomekwa ndani yake. Waya wa taa ulikuwa upande wa kulia, moja kwa moja kwenye umeme.

"Mwalimu," aliita. "Hii plagi nani kaihamisha?"

Mwalimu alitazama dari. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa akiwauliza wengine maswali ya namna hiyo.

"Mimi," alisema mwishowe.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

Mama Flashi anasema alitaka kukasirika, na haki ya kukasirika alikuwa nayo. Lakini mzee wa watu alikuwa amesimama mikono nyuma, mbele ya fundi aliyepiga magoti, na akaanza kueleza.

Mkewe, alisema, alikuwa na kawaida. Baada ya chakula cha jioni alitandika mkeka mbele ya tangi, akanyoosha miguu, akawa anatazama samaki huku anamsimulia mumewe habari za siku nzima, za sokoni, za majirani, za ndugu. Mwalimu alikaa kitini anasahihisha madaftari, anaitikia "ehee" hata asiposikia. Ndiyo maana tangi liliwekwa chini vile; liliwekwa kwa kimo cha mtu aliyekaa mkekani.

"Sasa taa ikizimika saa kumi, na jua likishazama, hii nyumba inakuwa kama shule iliyofungwa," alisema. "Nikasema niiwashe kidogo, nile. Halafu nimalizie gazeti. Halafu napitiwa na usingizi hapohapo kitini, na taa inawaka mpaka kunakucha."

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

"Hukuniuliza, fundi. Maswali yote ulimwuliza mmea."

Mama Flashi alikaa chini palepale, kitambaa kimelowa mkononi. Studio, anasema, mteja alipoingia tu, kabla hajagusa taa hata moja, swali lake la kwanza lilikuwa moja miaka yote ishirini na sita: picha ni ya nini? Ya pasipoti ina mwanga wake, ya uchumba ina wake, ya kumpelekea mama aliye mbali ina wake. Hapa alipima maji, akapima dirisha, akapima majani. Aliyekaa mbele ya tangi hakumpima.

"Kuuliza si ujinga," anasema. "Ujinga ni ule wangu wa kutouliza."

Dawa yenyewe ikawa rahisi kuliko pazia na miguu ya mbao. Alimweleza mwalimu kwamba mmea hauna saa ya ukutani. Haujali kama saa zake saba zinaanza asubuhi au alasiri. Unachotaka ni zifuatane, zisipungue wala kuzidi sana, na baada yake pawe na giza la kweli ili nao samaki wapumzike. Basi akaitega upya swichi: kuwasha saa tisa alasiri, kuzima saa nne usiku. Mchana pazia lishushwe. Jioni yote, wakati wa chakula, wa gazeti na wa kusinzia, tangi litakuwa linawaka.

"Na saa nne ikifika?" aliuliza mwalimu.

"Saa nne Mvivu analala, na wewe unaingia chumbani kulala kama watu. Hicho kiti kitakuvunja shingo."

Kesho yake seremala alileta kitu kilichofungwa gazetini. Kilikuwa kisimamio cha taa ya kusomea, kimetengenezwa kwa mbao zilizobaki kwenye ile miguu, shingo yake imegeuzia tangi mgongo. Mwalimu akawa na taa yake, Mvivu na yake.

Mwalimu aliahidi, na mwalimu akiahidi huandika. Juu ya soketi amebandika karatasi yenye kichwa cha habari RATIBA YA MWANGA, imepigwa mistari kwa rula na kuwekwa sahihi. Chini ya ratiba, kwenye kamba, linaning'inia daftari la mahudhurio, lile la shuleni hasa, lenye vyumba vya wiki. Jina lililoandikwa ni moja tu. Kila usiku swichi inapolia "kta," mwalimu hutia alama ya vema mbele ya jina la Mvivu, huzima taa yake ya kusomea na kwenda kulala. Kwa wiki sita hakuna siku iliyorukwa, isipokuwa moja ambayo umeme ulikatika, na hiyo ameiandikia "ruhusa."

Leo ndiyo siku ya kukagua. Mama Flashi alimwambia tangu mwanzo kwamba mmea wa aina hii ukipona hutoa jani kwa kadiri ya wiki nne mpaka sita, na kwamba zikipita sita bila chipukizi hatamdanganya. Usiku wa kuamkia leo, mwalimu anakiri, alilala saa nne lakini usingizi uliingia saa nane.

Vioo ni safi. Manyoya meusi kwenye yale majani mawili hayajaongezeka. Samaki wadogo wenye mstari mwekundu, ambao zamani walishinda wamejibanza nyuma ya gogo, wanaogelea mbele, tena kwa madaha. Yote hayo ni dalili njema, lakini hakuna aliyekuja kuwatazama samaki.

Mama Flashi anasogeza shavu lake sakafuni kiasi cha vidole viwili. Anajiinua, anatia mkono majini mpaka kwenye kiwiko na kulisukuma gogo kidogo tu, ligeuke. Analala tena, anachungulia nyuma ya jani kubwa.

"Mwalimu," anasema. "Tandika mkeka."

Mkeka uko nyuma ya mlango, umekunjwa. Haujakunjuliwa miaka miwili. Mwalimu anautandika, anashika ukingo wa kiti, anashuka goti moja, analalamika, anashuka la pili, mpaka amekaa pale mkewe alipokuwa akikaa, na macho yake yako sawasawa na Mvivu.

"Fuata kidole changu. Hapo jani kubwa linapoungana na shina. Nyuma yake."

"Sioni."

"Vaa miwani vizuri."

Anavaa vizuri. Kati ya shina na jani kimechomoza kitu cha kijani kibichi, kimejiviringisha, kirefu kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ni kibichi kuliko kitu chochote humo ndani.

"Hicho?"

"Hicho."

 Mwalimu macho yamemlowa na wala hayafichi. Anavuta daftari la mahudhurio kutoka kwenye kamba yake, anachukua kalamu mfukoni, na kando ya safu ya alama za vema anaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Majani matatu." Kisha anamgeukia fundi wake, ambaye bado amelala chini, maji yanamchuruzika kwenye mkono.

"Mwanangu, Mungu akupe umri."

"Atupe sote, Mwalimu. Mimi na wewe na huyu mvivu wako."

Chai inaletwa, ya moto, na ndipo Mama Flashi anapoongelea chumba cha mbele cha nyumba yake. Tangu studio ifungwe miaka sita iliyopita, mumewe amekigeuza stoo ya mbao. Sasa mbao zinatoka. Ukuta wa kushoto utakuwa na matangi sita, kila moja na taa tofauti na mimea tofauti, ili mtu mwenye tangi nyumbani aje aone kwa macho yake mwanga hafifu unaotesha nini na mwanga mkali unadai nini, kabla hajatumia senti yake dukani. Muuza taa ameahidi kumkopesha taa za maonyesho. Ukuta wa kulia utakuwa wa picha.

"Picha za nani tena?" mumewe aliuliza aliposikia mara ya kwanza. "Mimi pasipoti ninazo nne."

Za watu na matangi yao, alimjibu. Kila mteja aliyekaa mahali pake pa kila siku, mbele ya tangi lake, kwenye mwanga aliochaguliwa. Mtu akiingia kutaka ushauri, ataona kwanza watu, halafu ndiyo taa. Chumba anatarajia kukifungua tarehe mosi ya mwezi ujao, na mumewe anasema kitafunguliwa akimaliza yeye kuchonga rafu, kwa hiyo tarehe mosi ni maombi.

Ukuta ule wa kulia mpaka leo hauna picha hata moja. Mama Flashi anauvuta mkoba wa ngozi, anatoa mikasi, anatoa kitambaa, na kutoka chini kabisa anatoa kamera. Anasema aliitia humo asubuhi bila kumwambia mtu. Angelikuta jani, angeitoa. Asingelikuta, angerudi nayo nyumbani kimyakimya na mumewe asingejua.

"Usinyanyuke, Mwalimu. Kaa hapohapo mkekani."

"Hapa chini? Na kandambili?"

"Hapohapo. Picha hii ni ya nini?"

Mwalimu anafikiri. Anaiweka sawa kola ya shati, anasogea karibu zaidi na kioo, upande wa lile jani jipya, na kuacha nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka upande wake mwingine.

"Ya nyumbani," anasema.

Mama Flashi anakitoa kipima mwanga kwenye chupa yake ya jemu, anakifuta kwenye kanga, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita anakisogeza karibu na shavu la binadamu. Mshale unapanda, unacheza kidogo, unatulia. Mwalimu amekwisha kufumba macho kabisa, kama wale watoto wa zamani, anasubiri mlipuko.

"Flashi iko wapi?" anauliza.

"Fumbua macho, Mwalimu," anasema Mama Flashi. "Mwanga unatosha."